Maharagwe Yaliyokimbizwa na Jua

Kuna aibu ambazo mtu huzikwa nazo bila jirani kujua, lakini hii yangu haikuwa na bahati hiyo, maana walioiona ni kanisa zima na wengi wao wangali hai, wananisalimu sokoni huku wamebana midomo, na mpaka leo nikialikwa harusi kule Marani nikaona maharagwe mekundu yanapakuliwa, kabla sijaketi nauliza choo kiko upande gani. Sasa kwa kuwa mmenisumbua sana, na kwa kuwa mkisimulia wenyewe mnasimulia vibaya (eti nilikimbia miguu mitupu, uongo, kiatu kimoja kilikuwepo), heri mkisikie kisa kutoka kinywani mwangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi huku Gesima. Mume wangu Mokaya alikuwa karani mjini Kisii, analala huko wiki nzima na kurudi Ijumaa, kwa hiyo nyumba, ng'ombe, watoto watatu na daftari za darasa la tano vyote vilikuwa juu ya kichwa changu kimoja. Niliamka kabla ya jogoo, nikakama, nikateka maji, nikavalisha watoto, nikakimbia shuleni, na jioni nikarudi na rundo la kusahihisha. Chakula chetu? Asubuhi mkate na maji ya sukari (sisi ni Wasabato, majani chai tunayachuma siku sita kwa wiki na kuyapeleka yauzwe, lakini kikombeni mwetu hayaingii), mchana viazi vitamu vilivyopoa, na jioni ugali kwa chochote kilichoiva upesi, na mara nyingi kilichoiva upesi kilikuwa ugali wenyewe.

Cha kuchekesha ni kwamba darasani nilikuwa bingwa wa chakula bora. Nilichora ubaoni yai, samaki, maharagwe na glasi ya maziwa, nikawaimbisha watoto wa wenzangu vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, wakaimba mpaka madirisha yakatetemeka. Kisha nikarudi nyumbani nikawapa wangu mkate.

Mdogo wao, Kemunto, ndiye aliyenifumbua macho. Pembe za mdomo wake zilipasuka hazikupona, na kila tulipomaliza homa moja ikaingia nyingine. Muuguzi wa zahanati alimtazama, akanitazama mimi na gauni langu la kazi, akasema kwa upole, "Mwalimu, huyu hana njaa. Anashiba kitu kimoja kila siku." Niliumia. Laiti angenigombeza ningepata la kujibu, lakini maneno yale nilitembea nayo mpaka nyumbani na hata leo sijayatua.

Habari zikavuka ua zikafika kwa baba mkwe wangu, ambaye wote tulimwita Omogaka, yaani mzee wetu wa heshima. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye kofia ya kahawia ambayo aliivua wakati wa maombi tu. Sasa ninyi mliolelewa mjini niwaambie kidogo: kwetu kati ya baba mkwe na mokamwana, yaani mke wa mwanawe, kuna ensoni, heshima yenye haya ndani yake. Haingii nyumbani kwangu, hatukai meza moja, nikimwona njiani napisha pembeni, na akiwa na neno kwangu hulituma kwa mkewe. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimesikia kikohozi chake mara nyingi kuliko maneno yake.

Basi mama mkwe akaja, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akafuta jasho ambalo hakuwa nalo.

"Mama Kemunto, nimetumwa."

"Sema, Mama."

"Omogaka anasema mshahara wa Mokaya unatosha. Anasema muhula huu ukiisha, uache chaki, ukae na watoto. Wajukuu wake hawawezi kulelewa na mkate."

Nilihisi kama jiko limenizunguka. Ile kazi mimi niliipenda, jamani. Niliisomea kwa shida, nikiwa msichana wa kwanza wa nyumba yetu kwenda chuo cha ualimu, na baba yangu mzazi aliuza ndama ili nipate sanduku na blanketi. Mokaya aliporudi Ijumaa nikamweleza, naye akakuna kisogo akasema, "Wewe mwenyewe unaonaje?" (Mwanamume akikuuliza hivyo jua ameshaona, anatafuta tu pa kujificha.)

Nikamrudisha mama mkwe na jibu. Wakati ule akina mama wa kanisa walikuwa wameniomba nizungumze Sabato moja alasiri juu ya chakula cha jamii zenye kazi nyingi, nami nilikuwa nikijivutavuta. Sasa nikakubali. Tena nikasema, siku hiyo nitaleta na chakula chenyewe, waonje, waone kwamba mwanamke anaweza kushika chaki na bado watoto wake wakala vizuri. Mama mkwe akaenda, akarudi. "Amesema tutaona hiyo Sabato. Akiridhika, hataligusa tena jambo hili. Asiporidhika, muhula ukiisha." Nikaitikia kwa kichwa, maana kauli ya Omogaka ilikuwa haina rufaa.

Silaha yangu ilikuwa kikapu. Chuoni tulifundishwa kwamba sufuria ya maharagwe ikichemka vizuri kwa muda wa kutosha, unaweza kuiepua, ukaizika ndani ya kikapu chenye majani makavu, ukaifunika blanketi, na ule moto wake wenyewe ukaendelea kupika ukiwa umelala au uko kazini. Mnaona uzuri wake kwa Msabato? Siku ya Sabato hatuwashi jiko, chakula chote hupikwa Ijumaa kabla jua halijazama, na mchana wa Sabato tunakula kilichopoa. Mimi ningefungua kikapu mbele ya kanisa na mvuke ukatoka, bila moto, bila dhambi! Nilichukua kikapu kikuukuu cha kuchumia majani chai, nikakijaza majani makavu ya mgomba, nikakipapasa kama mtu anayemtuliza farasi wa mashindano.

Ijumaa ikafika, na mvua nayo. Nilipanga kuinjika maharagwe mara tu baada ya shule, lakini mvua ya Gesima haijawahi kuuliza mtu amepanga nini. Nilifika nyumbani nimelowa, kuni zimelowa, kiberiti kimelowa, nikapuliza moto mpaka nikaona nyota, na moshi ukajaa jikoni watoto wakatoka nje wakikohoa. Sufuria ilikuwa kubwa, ya kuazima, ya kulisha meza nzima ya kanisa, na sufuria kubwa haina haraka. Ilikaa pale ikinung'unika. Kwa sababu ya mawingu sikuweza hata kuona jua limefika wapi. Hatimaye viputo vikaanza kupanda pembeni, nikamshukuru Mungu, nikasema sasa ichemke sawasawa ndipo niiepue.

Ndipo ng'ambo ya ua nikasikia sauti nzito ya Omogaka ikianzisha wimbo wa kuikaribisha Sabato.

Hapo ndipo penyewe. Kama kuna dakika ningepewa niirudie maishani, ni ile. Ningeweza kuyamwaga maharagwe, nikaenda kesho na ndizi na chinsaga (ile mboga yetu chungu inayopikwa ikalazwa na maziwa, ambayo mama mkwe alikuwa na chungu kizima cha kutosha), nikasema hadharani mvua ilinishinda, na hakuna ambaye angenicheka, maana wote walinyeshewa na mvua hiyohiyo. Badala yake nikaitazama ile sufuria, nikasema kwa sauti, "Kikapu kitamalizia." Nikaiepua upesi kabla ubeti wa pili haujaisha, nikaizika ndani ya majani, nikaifunika blanketi, nikazima moto, nikanawa masizi na kwenda kuimba na wanangu kama mtakatifu.

Asubuhi Mokaya alikifunga kikapu nyuma ya baiskeli, akakisukuma mpaka kanisani akiwa amekunja uso, kwa sababu karani wa mjini kuonekana na sufuria ni jambo zito. Mchana, ibada ilipokwisha, watu wakazunguka kwenye nyasi, nikafunua blanketi, nikafunua mfuniko, na kweli mvuke ukatoka. Mvuke mwembamba, wa kinyonge, lakini mvuke! Akina mama wakasema "Obe!" kwa mshangao, na shemasi mmoja akainama kuchungulia kama kuna makaa chini. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Kisha nikaonja moja. Ganda lilikuwa laini, lakini ndani likanivunjikia jinoni, kap!

Nikasimama pale na mwiko mkononi. Kuwasha moto ilikuwa haiwezekani, maana siku ya Sabato moshi mmoja tu ungeonekana kutoka kila kilima. Kusema hayajaiva ilikuwa ni kuandika barua ya kuacha kazi. Nikafanya wanachofanya wapishi waoga wote, nikayafunika. Nikachota chinsaga aliyoileta mama mkwe pamoja na maziwa yake, nikaichanganya na yale maharagwe, nikageuka kwa tabasamu la kialimu nikasema, "Ndugu zangu, siri ya afya ni kutafuna. Tafuneni sana!" Wakacheka, wakatafuna. Kelele za meno zilisikika kama ng'ombe wanaokula mabua. Watoto walitema maharagwe wakala mboga na maziwa tu, nami nikawaacha (hilo namshukuru Mungu mpaka kesho).

Omogaka alikuwa ameketi na wazee wenzake upande mwingine wa kanisa, chini ya upenu, mahali ambapo mimi sikupaswa kufika. Mama mkwe ndiye aliyempelekea sahani. Nilimwona anarudi nayo ikiwa tupu, akaijaza tena, akaenda. Aliporudi mara ya pili macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Amekula yote," aliniambia kwa sauti ya chini. "Amesema chakula kina nguvu."

Kina nguvu! Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu. Nikaona muhula ujao, na mwingine, na mwingine, na mimi nimeshika chaki. Nikapakua sahani yangu nikala kwa shangwe, nikatafuna kuliko wote.

Alasiri tukaingia ndani, nikasimama mbele na kuanza hotuba yangu. Nikaeleza kwamba mkate peke yake ni uzito tumboni, kwamba mboga za pembezoni mwa shamba zinazidi za dukani, kwamba mwenye kazi nyingi apike mara moja ale mara mbili, na kila nilichosema nakisimamia hata leo, maana kilikuwa kweli. Nilipofika penye "mwili ukilishwa vizuri hukuambia wenyewe," shemasi wa pale mlangoni akainuka akatoka. Sikujali. Wakatoka akina mama wawili, wakipishana. Kisha kijana wa kwaya. Nikadhani hotuba ni ndefu, nikaongeza sauti. Kisha Omogaka, kwenye benchi la mbele, akasimama. Alishika kofia yake, akatembea polepole kwa heshima zake zote mpaka katikati ya kanisa, na kutoka katikati mpaka mlangoni hakutembea polepole.

Nikafikiri, amekasirika, nimesema neno baya juu ya ugali, kazi yangu imekwisha. Bado nilikuwa nafikiri hivyo ndipo tumbo langu mwenyewe likageuka, likanguruma, na mtu wa benchi la tatu akainua macho kunitazama. Nikasema, "Tuimbe," sikutaja hata wimbo gani, nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Kwenye choo cha wanawake palikuwa na foleni mpaka kwenye mikaratusi, mama mkwe mwenyewe akiwa katikati yake, amejikunja, hataki kusemeshwa. Nikakumbuka kwamba nyuma ya nyumba ya mlinzi wa kanisa kulikuwa na choo kingine cha zamani, cha kuta za udongo, chenye gunia mahali pa mlango. Nikashika gauni nikakimbia, nikateleza kwenye matope, kiatu kikabaki, nikafika, sikubisha (nani hubisha gunia?), nikalivuta kwa nguvu zote.

Ndani alikuwemo Omogaka.

Nawaapia sikuona kitu. Niliona kofia. Kofia ya kahawia, chini kuliko ilivyopaswa kuwa, na chini ya kofia macho mawili yaliyonitazama kwa namna ambayo hakuna kiumbe amewahi kunitazama. Hakukohoa. Mimi nilipiga kelele, nikageuka, nikakimbia nilikotoka, na sikujua nimebeba nini mpaka nilipofika mbele ya foleni yote ya wanawake na mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, hilo gunia ni la nini?"

Nilikuwa nimekuja na mlango wa choo.

Mama mkwe aliliangalia gunia. Akaangalia nilikotoka. Kisha akanitazama usoni, na nikaona anaelewa kitu kimoja baada ya kingine. "Kuna mtu huko?" akauliza. Kumtaja baba mkwe katika jambo kama lile, ulimi wangu ulikataa katakata. Nikainamisha kichwa tu. Na huko nyuma mzee wa watu alikuwa ameketi bila mlango, hawezi kutoka, hawezi kuita, na mimi niliye na mlango wake ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kumrudishia. Mama mkwe akalichukua lile gunia mikononi mwangu, akalikunja kwa adabu kama nguo ya madhabahuni, akaacha nafasi yake kwenye foleni, akaenda. Haja yangu mimi iliishia kwenye shamba la mahindi la jirani, na hapo sitaendelea.

Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo. Kufikia jioni watu walikuwa wanakunywa uji mwepesi na kuhesabiana mara. Lakini usiku wa Sabato ile sikulia kwa sababu ya tumbo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimewalisha watu uongo nikijua ni uongo, na kwa sababu nilijua neno litakalotumwa kesho.

Kesho halikuja. Keshokutwa halikuja. Omogaka alianza kupita njia ya chini ya mto ili asikaribie ua wetu. Juma likaisha nikashindwa kuvumilia, nikamsimamisha mama mkwe kwenye chemchemi.

"Mama, nipe tu hilo neno. Amesema niache lini?"

Akatua mtungi. "Mama Kemunto, neno gani? Kila nikianza kutaja jina lako, anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Nikimwambia jana ulipita, anaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wale hawajawahi kuangaliwa hivi." Mabega yake yakaanza kutikisika. "Hawezi kutuma neno lolote juu ya chakula chako, maana akilianza lazima lipitie pale kwenye gunia."

Ndivyo kazi yangu ilivyonusurika, rafiki zangu. Si kwa hotuba wala kwa kikapu. Iliokolewa na haya ya mzee mmoja, nami niliona uchungu wa kupata nilichotaka kwa njia ile. Mama mkwe aliona pia, maana tangu wiki hiyo alianza kumchukua Kemunto jioni na kumlisha chinsaga na maziwa, nami nikaanza kuamka na kulala nikipanga siku kwa siku: leo mboga, kesho dengu, dagaa wa omena tukipata, na mkate ukawa wa wageni. Pembe za mdomo wa yule mtoto zikafunga. Nilifundisha mpaka nikastaafu.

Lile jambo halikutajwa tena. Omogaka alizeeka, akawa wa kutembea na fimbo, na mwaka wa mwisho alioweza kulima alivuna maharagwe mazuri sana, mekundu, yanayong'aa. Mama mkwe akaja kwangu na debe limejaa, akalitua mlangoni, akaketi kwenye kigoda kilekile, akafuta jasho ambalo hakuwa nalo.

"Nimetumwa," alisema.

Nikaketi chini.

"Omogaka anasema, mokamwana wake ayapike Alhamisi."

Tulicheka mpaka tukashikana mikono, kisha mimi nikalia, na kutoka ng'ambo ya ua nikasikia kikohozi. Tangu siku hiyo maharagwe nayainjika Alhamisi, nayaacha yachemke mpaka yaive yenyewe, na kabla sijayapeleka mbele ya mtu yeyote naonja moja, na likisema kap, siyapeleki.